Mguu wa Mninga

Pa, shwaa. Pa, shwaa.

Nilisikia kabla sijaona chochote. Nilikuwa nimeketi uani kwa mwenyeji wangu mjini Ifakara, asubuhi, chai mbele yangu na sahani ya vitumbua ambavyo havikuwa vibaya, na nyuma ya ua wa matete mtu alikuwa akipita. Mguu mmoja unatua, wa pili unaburuzwa. Pa, shwaa. Nilisimama, rafiki yangu. Mtu mzima mwenye watoto, nikafuta mafuta ya vidole kwenye khanga, nikasema kwa sauti, "Shikamoo, bibi."

Aliyetokea kwenye pengo la ua alikuwa kijana anayeburuta kiroba cha pumba za mpunga, anapeleka kwenye banda lake la kuku.

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema, akaendelea na safari yake huku akicheka.

Mwenyeji wangu alicheka mpaka akakohoa. Nami nilicheka. Kisha nikaketi, na ile chai sikuweza kuimaliza.

Kama umepita Kivukoni, pale nje ya Ifakara, miaka ya karibuni, umepita juu ya daraja, na pengine hukugeuza hata shingo kuutazama mto. Sisi tulioishi pale miaka ya tisini tulikuwa na pantoni. Malori ya mpunga yalipanga foleni, abiria wakashuka kunyoosha miguu, na katika kusubiri huko ndimo kijiji kizima kilimopata riziki. Baba yangu alikuwa mtu wa kamba: pantoni ikikaribia, yeye ndiye aliyerusha kamba, akaifunga, akayaelekeza malori kwa mikono kama mtu anayeswaga ng'ombe wakaidi. Bibi yangu, mama yake baba, aliuza vitumbua kwenye banda la kusubiria.

Vitumbua vya bibi sijavipata tena popote. Aliloweka mchele, akautwanga mwenyewe, akauumua kwa togwa iliyochacha badala ya hamira, akatia iliki. Alfajiri nilikuwa nikiamshwa na mambo mawili, harufu ya iliki na ile sauti ya mwendo wake kati ya jiko na mlango. Madereva walimjua. Walipiga honi wakiwa bado ng'ambo, ili awawekee vya moto.

Mguu wake wa kushoto ulifungwa vitambaa siku zote, ukatiwa ndani ya lapa la tairi lililokatwa pana kama sinia. Hatukuwahi kuuona mtupu. Tuliambiwa kwamba ujanani alikanyaga pumba. Wewe wa bonde letu unaelewa. Lile lundo la pumba nyuma ya mashine ya kukoboa huungua kwa ndani siku nyingi, juu majivu yamepoa, yamelala kama vumbi, chini ni moto mtupu. Kila mtoto wa Ifakara alikatazwa kulichezea, na sisi watoto wa Kivukoni tulikuwa na ushahidi nyumbani. "Mnamwona bibi yenu?" baba alituambia. "Haya, kachezeeni pumba." Hata mama yangu, aliyeolewa katika nyumba ile na kuishi na mama mkwe wake miaka yote, aliijua habari hiyo ya pumba na si nyingine.

Jambo jingine la bibi nikueleze mapema, maana litarudi. Hakuna mgeni aliyetoka kwetu bila kusindikizwa. Hata muuza chumvi, bibi alijikokota naye mpaka kwenye njia kuu. Mgeni husema, "Basi, mama, rudi, inatosha," naye hujibu, "Narudi," na harudi. Alinifundisha hivi: "Mtu akikuambia baki, usibaki. Anakuambia kwa adabu yake. Wewe nenda kwa adabu yako."

Kiangazi kile mto ulishuka sana. Ukingo wa mchanga ukatokea, mweupe, mrefu, na maisha yote yakahamia huko. Wanawake walisugua masufuria kwa mchanga, wavuvi waliegesha mitumbwi na kuziba nyufa, sisi tulichimba visima vidogo na kugombania maji ambayo yalikuwa yamejaa mto mzima pembeni yetu. Jioni walikuja ng'ombe. Jirani yetu, tuliyemwita mama wa ng'ombe, alikuwa Msukuma, familia yake ilikuwa imehamia na mifugo si zamani. Kiswahili chake kilikuwa kifupi, alikimalizia kwa mikono na kucheka. Watu walinunua maziwa yake na kumsema alipogeuka. Ng'ombe wake walikuwa wameingia kwenye mpunga wa mtu masika yaliyopita, na jambo hilo halikuwa limesahauliwa.

Ni kwato la ng'ombe wake lililokichimbua kile kitu. Tuliona anainama, anakivuta mchangani, anakisuuza, anakipima uzito mkononi. Kilikuwa kipande cha mti chenye urefu wa kiatu, cheusi kwa kukaa majini, kizito, laini kama kimepakwa mafuta. Upande mmoja kiliviringana vizuri. Upande wa pili kiliishia ghafla, butu, kimepinda kwa ndani. Juu palikuwa na tundu.

Tulikizunguka. Mmoja akasema ni mchi wa mtoto. Mwingine akasema ni breki ya pantoni ya kwanza. Mvuvi mmoja, mcheshi mkubwa wa Kivukoni, aliyekuwa akiziba mtumbwi wake karibu nasi, akakishika, akakinusa, akatoa hukumu: "Hiki ni kitako cha kinyago. Kinyago chenyewe kimeona Kivukoni hakuna starehe, kimekimbilia Mahenge." Mama wa ng'ombe hakuelewa yote ila alicheka. Akaenda nacho kwake. Kwa siku kadhaa alikitumia kupondea karanga, na alipotoka alikiweka kuzuia mlango usipigwe na upepo. Ndivyo bibi alivyokiona.

Nilikuwa naye, nimebeba ndoo ya vitumbua. Alifika mlangoni kwa jirani akiwa anataja jina la vitumbua vyake kwa wimbo kama kawaida, na wimbo ukakatika. Alikitazama kile kipande cha mti chini pale. Hakuinama kukigusa. Akageuka, akaniambia kichwa kinamuuma, tukarudi nyumbani ndoo ikiwa nusu. Sikumbuki siku nyingine bibi aliporudi na vitumbua.

Haikupita muda, mguu wa yule mvuvi mcheshi ukavimba. Ulivimba mpaka ngozi ikang'aa. Mtu aliyekuja kumjulia hali ndiye aliyekumbuka kile kitu cha mchangani, na kwa mara ya kwanza akakitaja kwa jina ambalo wote tulikuwa tumeliona tukaliogopa: mguu. Ni mguu wa mtu. Mguu wa mti usio na vidole, ameufukua yule mwanamke, anautwanga kila siku, na mguu wa mwenzetu unavimba.

Ungesikia maneno yalivyokimbia. Kufika mchana, vidole vilikuwa vimeliwa. Kufika jioni, tundu la juu lilikuwa la kutilia damu.

Katika bonde letu miaka ile, aliyetuhumiwa uchawi alipelekwa kwa mganga akanyolewa. Hakupigwa, hakufungwa. Alirudi kichwa kikiwa kitupu, basi. Nywele ziliota, lakini jina halikunyoleka. Nilimjua bibi kizee mmoja aliyenyolewa kabla sijazaliwa, na bado tulikatazwa kupokea embe lake. Kwa mama wa ng'ombe ingekuwa zaidi ya hapo. Wangemnyoa, kisha wangewaondoa yeye na watoto na ng'ombe, na wako waliokuwa wameshaanza kuzungumzia nani atalima pale alipojenga.

Balozi wa nyumba kumi aliita kikao kwenye banda la kusubiria pantoni. Kile kitu kiliwekwa juu ya benchi. Mama wa ng'ombe aliketishwa chini, mtoto mgongoni, akitazama midomo ya watu mmoja mmoja kama anayetafuta neno analolijua. Mvuvi aliletwa kwa mkokoteni.

"Haya, mama," balozi akamwambia. "Hiki ni nini?"

"Mti," akasema.

"Mti wa nini?"

"Karanga."

Watu wakaguna. "Karanga! Msikieni! Anatupikia mchuzi wa mguu!"

"Mwulizeni vidole viko wapi!"

"Mganga atamuuliza. Balozi, tusipoteze mchana, gari la kwenda kwake Mang'ula linavuka sasa hivi."

Hapo ndipo nikasikia, nyuma ya watu. Pa, shwaa. Pa, shwaa. Bibi alikuja bila ndoo. Amevaa gauni lake la kanisani. Baba alikuwa amesimama karibu na nguzo, kamba begani, na nikaona uso wake unabadilika kabla ya mtu mwingine yeyote kuelewa kitu. "Mama," akasema. "Mama, nenda nyumbani."

Bibi akaendelea kuja. Watu walimpisha, maana alikuwa mtu wa heshima. Aliketi kwenye benchi, kando ya kile kitu, akavua lapa la tairi, akaanza kufungua vitambaa. Aliviringisha kila kimoja vizuri, akakiweka mapajani. Kisha akaunyanyua mguu wake na kuuweka kando ya ule wa mti.

Palikuwa na kisigino kile kile. Palikuwa na ukingo ule ule, uliopinda ndani, unaoishia ghafla mahali vidole vilipopaswa kuanza.

"Ni wangu," akasema.

Balozi alikuwa ametoa kofia bila kujua. "Wako kivipi, mama?"

"Nilikuwa binti nilipopata ukoma. Nililetwa huku, kwenye makazi ya wagonjwa, nikatibiwa, nikapona. Huyu mwanangu nilikuwa sijamzaa bado. Vidole ndivyo havikurudi. Palikuwa na fundi viatu pale, yeye naye mgonjwa. Akanichongea mguu wangu kwa mninga, ili anishonee kiatu kwa kufuata mti. Siku ninaondoka akanipa. Akaniambia, popote utakapokwenda, mpe fundi mti huu, atakushonea bila kukutazama."

"Sasa ukafikaje mtoni?"

"Nilipanda mtumbwi hapa hapa, navuka nikaolewe. Katikati ya maji nikautupa."

"Kwa nini, mama?"

Bibi aliwatazama, akianza na balozi, akazunguka mpaka kwetu.

"Kwa sababu yenu," akasema.

Ni mvuvi aliyesema kwanza, kwa sauti ya kulalamika kutoka mkokotenini: "Sawa, mama. Na mguu wangu, je?"

"Wako umechomwa na mwiba wa kitoga, nawe unaona aibu kusema samaki amekushinda. Nenda hospitali."

Watu wakacheka. Kwa muda mfupi nilidhani mambo yamekwisha vizuri. Hata mvuvi alicheka, na kweli alipelekwa Ifakara, akapasuliwa jipu, akarudi na mwiba wake ndani ya kichupa, anauonyesha kwa madereva. Mama wa ng'ombe alipoelewa, alitambaa mpaka kwenye benchi akashika magoti ya bibi. "Wabeja, mayu," alirudia. Ahsante, mama.

Lakini mimi nilikuwa mfupi, nilikuwa naona vitu vya chini. Niliona nyayo za watu zikirudi nyuma, kidogo, bila kelele, mpaka kati ya benchi na watu pakawa na duara la mchanga mtupu. Na niliona mwanamke mmoja aliyekuwa na kitumbua cha asubuhi mkononi, nusu kimeliwa, akikiangusha na kukifukia kwa kisigino.

Hakuna aliyemwambia bibi neno baya. Hilo ndilo linalonitia aibu zaidi kila nikikumbuka, kwamba hakuna neno hata moja ambalo ningeweza kulishika na kulichukia. Walimsalimu kama zamani, shikamoo mama, kwa mbali kidogo. Vitumbua vilirudi. Alipunguza mchele, bado vikarudi, tukavila sisi mpaka vikatukinai. Madereva walipiga honi kwa mazoea, kisha abiria wakawaeleza, nao wakaacha. Kwenye pantoni, wenzake baba waliokuwa wakiipokea kamba kutoka mkononi mwake walianza kumwambia, "Itupe tu, kaka, tutaidaka."

Na nyumbani? Kikombe cha bibi, cha bati chenye ua jekundu, kilihama kutoka kwenye ndoo ya vikombe na kwenda kwenye msumari peke yake. Sikuona nani alikihamisha. Nilimwona mama akipigilia msumari. Jirani yetu wa ng'ombe ndiye aliyekuja kila asubuhi na kibuyu cha maziwa mgando, akaketi jikoni na bibi, wakanywa kwa kupokezana kibuyu kile kile, mdomo kwa mdomo, wakizungumza lugha mbili ambazo hazikukutana. Mama aliinama kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

Siku moja nikipuliza moto nilimsikia baba.

"Kwa nini hukuniuliza kwanza?"

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ningekataa," baba akasema. "Ni kweli." Kisha akaongeza, "Mama, watoto hawa watakuja kuoa na kuolewa hapa hapa."

Nilisikia tu mwiko unazunguka katika unga.

Aliamua mwenyewe kwenda Kiberege, kwa binti ya dada yake. Alisema ana hamu ya kulima mahindi. Alisema mto unamtia kikohozi. Tulikubali sababu zake zote, moja baada ya nyingine, kwa haraka.

Nilikwenda kumwona Kiberege mara moja tu, nikiwa nimeshakua. Nilisimama uani nikiangaza macho, nikisubiri kusikia, na mkono ukanigusa begani nikaruka. Alikuwa nyuma yangu. Alikuwa amekuja bila sauti. "Tazama," akaniambia, akainua gauni kidogo. Kiatu cheusi cha ngozi, kimefungwa kamba, kimemkaa kama kimeota pale. Aliupeleka ule mti kwa fundi wa sokoni, naye akashona kwa kuufuata, hakuuliza kitu. Miaka yote ile ya vitambaa na vidonda na lapa la tairi, bibi alikuwa akiikokota aibu tu, na dawa yake imelala chini ya mchanga mbele ya mlango wetu. Alitembea mbele yangu uani, akaenda akarudi, kunionyesha, na nikampigia makofi, na ndani ya moyo nilikuwa natafuta ile sauti. Ilikuwa imekwisha. Leo hata kiatu hakipo, bibi amelala Kiberege, pantoni haipo, baba hana tena kamba ya kurusha. Ukitaka kuisikia pa, shwaa lazima ungoje kijana apite na kiroba cha pumba.

Lakini asubuhi aliyoondoka Kivukoni bado alikuwa na lapa lake la tairi. Alikuwa na furushi la nguo kichwani, na mti wa mninga umefungwa kwenye kitenge, unaonekana umbo lake. Alikunywa chai, akakisuuza kikombe chake, akakirudisha mwenyewe kwenye msumari. Akatuaga kwa mkono, hata mama, na mama akautoa mkono wake, nami nilihesabu hilo kuwa jambo jema. Nje, njia ya kwenda kituoni ilipita katikati ya nyumba zote, na watu walikuwa wameshaamka, wanafagia.

"Msinisindikize," bibi akasema mlangoni. "Kuna umande. Bakini tu."

Nilimtazama baba. Alikuwa ameshavaa viatu. Mama alikuwa ameshajifunga khanga ya pili. Wote tulijua, maana tulifundishwa na yeye, maana ya neno hilo, na mtu akikuambia hivyo wewe unafanya nini. Bibi alisimama kizingitini muda kidogo zaidi kuliko inavyohitajika kusimama. Kisha akateremka. Pa, shwaa. Kutoka upande wa zizi nilisikia nyayo nyingine zikikimbia kumfuata, na sauti ya jirani yetu ikiita, "Mayu! Mayu!"

Baba alisikiliza. Ile sauti ya mwendo ilikuwa bado karibu, bado inasikika vizuri, alipoushika mlango na kuufunga.